Nilijitoa Mwenyewe, Sasa Nahodha Anataka Nimpe Neno Langu

Shikamoo Mjomba,

Najua wengi wanaokuandikia wana shida za ndoa na mirathi. Yangu ni ya kriketi, usinicheke. Imenigombanisha na watu ninaokula nao sahani moja.

Nina miaka 27, naishi Dar es Salaam, nacheza kriketi ya wikiendi kwenye daraja la chini. Timu yetu ni ya watu wa kawaida: wawili wana maduka Kariakoo, wengine ni wa maofisini, na vijana wachache bado wako sekondari. Pedi tunaazimana, mipira tunachangishana. Waamuzi wa kulipwa hatuna. Timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi wawili, kutoka kwa wale wanaosubiri zamu au waliokwisha kutolewa.

Mechi iliyopita tulikuwa tunafukuzia mikimbio 132, ndizo pointi za kriketi. Zimebaki ova tatu, kila ova mipira sita, tunahitaji 22, wiketi nne mkononi, yaani wakitutoa wapigaji wanne zaidi tumekwisha, na mimi nimeshatulia nina 41. Mrushaji wao wa kasi akaleta mpira mfupi, uko pembeni kidogo. Nikaenda kuukata. Ukagusa ukingo wa juu wa gongo, mguso mdogo kabisa, ukaishia kwenye glavu za kipa, na ukidakwa hivyo umetoka. Niliuhisi mpaka kwenye vidole. Wakalipuka wote: "Hauzaaati!" Mwamuzi upande wa mrushaji alikuwa mdogo wetu wa miaka 17, ndiye mpigaji wetu wa kumi. Akatikisa kichwa. Si auti.

Nikaweka gongo kwapani, nikaondoka.

Mjomba, sikukaa nikapima. Aliyenifundisha mchezo huu nikiwa mtoto, mzee mmoja wa Upanga, alikuwa na amri moja: "Umegusa, toka. Usimwachie mwenzako aseme unachokijua wewe." Nimekua nayo. Siku ile miguu ilitangulia.

Tukafungwa kwa mikimbio mitano.

Nahodha wetu ni kaka kwangu kwa umri na kwa heshima, hata kazi niliyonayo alinitafutia yeye. Uwanjani hakusema neno. Usiku akaandika kwenye grupu la WhatsApp: "Kuanzia leo hakuna mtu kujitoa. Mwamuzi yupo, kazi yake hiyo. Anayetaka uungwana akacheze bao." Watu wakajaza vicheko. Mmoja akaleta video ya Stuart Broad wa Uingereza dhidi ya Australia, akaandika chini yake: "Huyu hakutoka, na timu yake ikashinda."

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mechi hiyo hiyo, mfunguaji wao, mpigaji anayeanza, aligusa mpira akiwa hajafika hata kumi. Tulisikia mpaka sisi tuliokuwa mbali. Tukadai, mwamuzi wao akaangalia pembeni, na yeye akainama kukagua gongo lake kana kwamba limeingia mchwa. Akafikisha 58. Sasa wenzangu wananiuliza, hivi wewe unawacheza nani? Wao wanabaki, wewe unajitoa, ni kama umewapa watu wawili, halafu jasho letu sote linakwenda na maji.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Tukiwa kwenye daladala ya kurudi, yule mdogo wetu aliniinamia akasema, "Kaka, nilisikia. Ila nilimwona nahodha amesimama pale kwenye mstari ananiangalia, nikaogopa."

Jumapili ijayo ni mechi ya mwisho. Tukishinda tunapanda daraja. Nahodha amenipigia simu, anataka nimpe neno langu kwamba sitajitoa tena, la sivyo hanipangi. Mke wangu anasema nimwitikie tu, nikifika uwanjani nifanye ninavyotaka.

Je, niliwakosea wenzangu? Na nimjibu nini kaka yangu?

Mpigaji Namba Nne, Dar es Salaam

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu. Wala sikucheki. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kuandikia mikimbio, na nimeona watu wazima wenye wajukuu wakinuniana msimu mzima kwa mguso ambao hata kipa hakuwa na hakika nao.

Swali lako la kwanza nalijibu kwa mkato: hukuwakosea. Uliwagharimu, na hilo ni jambo jingine, nalo wana haki ya kukuuliza.

Wasomaji wanaoipita kriketi kwenye televisheni wakitafuta mpira wa miguu wanahitaji maelezo kidogo hapa. Kwenye kriketi mwamuzi hamtoi mpigaji mpaka wanaolinda wamwombe, ndiyo maana ya ile kelele ya "hauzati". Sheria ya 31 inasema hivyo waziwazi: hata kama mtu ametoka kwa mujibu wa sheria, bila kudaiwa hatolewi. Lakini sheria hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba haimzuii mpigaji aliyetoka kuondoka mwenyewe pasipo kusubiri kudaiwa. Na akiondoka kwa kudhani ametoka kumbe hakutoka, mwamuzi anapaswa kuingilia kati na kumrudisha. Kwa hiyo kujitoa hakukuletwa na wazee wa Upanga, kumo ndani ya kanuni tangu zamani. Na ukijitoa, sisi wa mezani tunaandika "amedakwa" kama tunavyowaandika wengine wote. Kwenye kitabu hakuna safu ya waungwana.

Sasa nahodha wako. Usimfanye mtu mbaya, maana hoja yake ni nzito na wengi wanaocheza kwa mshahara wanaishika. Inakwenda hivi: kuna siku utapewa auti na hukugusa kitu, mpira umepita na kugonga pedi tu, na utatakiwa uondoke bila kufungua mdomo. Hakuna atakayekufuata njiani akurudishie wiketi yako. Basi siku mwamuzi akikosea kwa faida yako, pokea vilevile bila kufungua mdomo. Tangu mwaka 2000 sheria za kriketi zina dibaji inayozungumzia roho ya mchezo, na dibaji hiyo inakutaka ukubali uamuzi wa mwamuzi. Haisemi popote kwamba mpigaji lazima ajitoe. Nahodha akikuletea hilo, hana uongo.

Na huyo Broad mliyetumiwa video yake, tumtazame vizuri. Ilikuwa Julai 2013, Trent Bridge, Nottingham. Mrushaji ni kijana Ashton Agar. Mpira ukagusa gongo, ukamgonga kipa Brad Haddin, ukaruka hadi silipi, pale anaposimama mlinzi kando ya kipa, na nahodha wa Australia Michael Clarke akaudaka. Mwamuzi Aleem Dar wa Pakistan akasema si auti. Australia walikuwa wameshamaliza nafasi zao za kuomba marudio ya video, hawana pa kwenda. Broad akabaki pale, uso mkavu. Alikuwa na 37, akafika 65, na Uingereza ikashinda kwa mikimbio 14. Kocha wa Australia, Darren Lehmann, baadaye alimwita mdanganyifu redioni, akatozwa faini.

Ila waliolia siku ile wamesahau kwamba huyo huyo Clarke, Desemba 2010 kule Adelaide, aligusa mpira wa Kevin Pietersen akabaki amesimama, mpaka Waingereza walipoomba marudio ndipo akatoka. Alikuja kuomba radhi hadharani kwa kutojitoa. Aliyedaka na aliyedakwa walisoma shule moja.

Mimi Broad simlaumu sana, na nitakuambia kwa nini. Mwamuzi alitoka nchi ya tatu, mtu mzima, amesomea kazi yake, analipwa kuifanya. Wapinzani walikuwa na chombo cha kumkosoa, wakakitumia vibaya kikaisha. Kila aliyekuwa uwanjani pale aliingia akijua masharti ni hayo.

Ondoa hayo yote, ubaki na uwanja wenu. Hakuna kamera, hakuna marudio, na mwamuzi ni mtoto wa miaka 17 anayesubiri zamu yake ya kupiga. Amevaa pedi tayari chini ya koti la mwamuzi, si ndivyo? Nahodha ambaye ndiye anaamua kama atampanga wiki ijayo amesimama mstarini, mikono kiunoni, anamwangalia. Halafu mwaniambia "mwamuzi yupo, kazi yake hiyo". Yupo wapi? Yule mtoto alisikia. Amekuambia kwa mdomo wake kwamba alisikia. Hakukosea kuona, aliogopa. Ungebaki pale ungekuwa umekubali faida ya woga wake, na yeye angekwenda nyumbani akijua kwamba kaka zake waliokuwa karibu wanajua alichofanya na wamempigia makofi.

Hapo ndipo natofautiana na nahodha, tena sana. Amri yake ingekuwa na maana kwenye ligi yenye waamuzi wasio na upande. Kwenye daraja lenu, "asijitoe mtu" maana yake ni kwamba mzigo wote anatwishwa mdogo kuliko wote timuni. Akisema ukweli, amewatoa kaka zake na jioni atasomwa kwenye grupu. Akisema uongo, ameshinda. Mnamfundisha nini? Dibaji ile ile niliyoitaja inasema dhamana kubwa ya kuhakikisha mchezo unachezwa kwa haki iko kwa manahodha. Haikusema iko kwa mpigaji wa kumi.

Lile la mfunguaji wao aliyebaki na kupiga 58, naelewa linavyochoma. Lakini angalia lilivyotokea: mwamuzi wake naye alikuwa mwenzake, akaangalia pembeni. Ugonjwa ni ule ule. Huwezi kujua, labda na wao wana nahodha anayesimama mstarini. Na wenzako wanaokuambia umewapa wapinzani watu wawili, mahesabu yao hayako sawa. Mmoja waliwaibia, mwingine walimtoa kihalali, kwa mpira mzuri na kwa kipa aliyedaka vizuri. Yule mrushaji wao alifanya kazi yake. Mbona hatumtaji?

Nisimame kidogo kwenye jambo ambalo vijana wanaopenda kujitoa hulivuruga. Mpigaji hajui kila kitu. Anachokijua kuliko mtu mwingine yeyote ni mguso wa gongo, basi, na hata huo si kila mara. Gongo likikwaruza pedi au likagusa chini wakati mpira unapita, sauti inakuwa ile ile na mkono unatetemeka vile vile. Kama huna uhakika, baki, tena baki bila aibu, na umwachie mwamuzi. Mpira ukikugonga mguu mbele ya vijiti, hilo usiliguse kabisa: wewe umesimama pembeni ya mstari wa mpira, huwezi kujua ulikuwa unakwenda wapi. Ukidakwa chini karibu na majani, aliyedaka anajua kuliko wewe. Siku ile wewe ulijua. Basi.

Na kuna watu nimewaona kutoka pale mezani ambao wananikera kuliko Broad mara mia. Hao hujitoa kwa kuchagua. Akiwa na 80, mechi wameshaishinda, mpira ukimgusa hata hasubiri kelele, anaondoka na gongo juu akipigiwa makofi. Akiwa na mbili, mechi iko shingoni, anagusa ule ule mguso na anabaki amekodoa macho. Waamuzi huwa wanawaamini wanaojitoa. Mtu mwenye sifa hiyo akibaki, mwamuzi husema moyoni, "Huyu angegusa angeondoka," na anamwacha. Huyu mchaguzi anakula sifa hiyo pale anapoihitaji. Bora Broad, ambaye hakumdanganya mtu kuhusu yeye ni nani.

Wewe ulijitoa na 41 mechi ikiwa moto. Hilo ndilo linaloniambia kwamba hukuwa unatafuta makofi.

Watu wakitaka kumtetea mtu kama wewe humleta Adam Gilchrist, mpigaji wa Australia. Machi 2003, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Port Elizabeth, Australia na Sri Lanka. Ni Kombe lile lile ambalo Kenya ya Steve Tikolo iliifunga Sri Lanka hiyo hiyo pale Nairobi, Collins Obuya akachukua wiketi tano, na Kenya ikafika nusu fainali kukutana na India. Nani Afrika Mashariki amesahau? Basi, Gilchrist ana 22, anafagia mpira wa Aravinda de Silva, unagusa gongo, unagonga pedi, unapanda juu, Kumar Sangakkara anaudaka. Mwamuzi Rudi Koertzen anatikisa kichwa. Gilchrist anasita kidogo, halafu anaondoka zake. Wenzake kwenye chumba cha wachezaji hawakuamini macho yao. Australia ikashinda kwa mikimbio 48 na baadaye ikachukua Kombe.

Hadithi nzuri, lakini mimi mifano ya wema uliolipa siipendi sana. Inawafanya watu wadhani kuna malipo. Nenda kasome ya Gundappa Viswanath. Februari 1980, Bombay, India na Uingereza, mechi ya Testi, ile ya siku kadhaa baina ya mataifa, ya kuadhimisha miaka 50 ya chama cha kriketi cha India. Viswanath ndiye nahodha wa India. Uingereza wako taabani, wiketi tano zimeanguka kwa mikimbio 58 tu. Bob Taylor anapewa auti ya kudakwa na kipa. Taylor anaonyesha kwamba hakugusa. Viswanath alikuwa silipi, karibu, akaona kweli hakugusa, akamwendea mwamuzi akamwomba auti ile ifutwe. Ikafutwa. Taylor akarudi, akakaa na mwenzake Ian Botham, wakaongeza mikimbio 171 wawili wao. Botham akapiga 114 na kwenye mechi nzima akachukua wiketi 13. India ikafungwa kwa wiketi kumi, nyumbani kwake, kwenye sherehe yake mwenyewe.

Huyo ndiye wa kumpelekea nahodha wako, kwa sababu naye alikuwa nahodha, na kwa sababu hakuna anayeweza kumwambia kwamba ilimlipa.

Haya, Jumapili.

Mkeo anakutafutia amani ya nyumbani na ya kazini, namwelewa, msalimie. Lakini kati ya ushauri wote uliopewa, wake ndio usiufuate. Ukimwitikia kaka yako halafu ukajitoa, utakuwa umemdanganya mtu aliyekutafutia kazi, ili uonekane mkweli mbele ya watu usiowajua. Mambo gani hayo? Na ukimwitikia halafu ukabaki kweli, miguu yako itakataa, nakujua. Utasimama pale nusu unakwenda nusu unabaki, na mpira unaofuata utakuangusha vijiti.

Mfuate ana kwa ana kabla ya Alhamisi. Si kwenye simu, na kwenye grupu usithubutu. Msalimie kama siku zote, mpe heshima yake, halafu mwambie hivi: "Kaka, nisamehe kwa maumivu ya mechi ile, najua nilikugharimu. Lakini neno unalonitaka siwezi kukupa. Nikijua nimegusa, nitatoka, iwe nina sifuri au nina tisini. Nisipokuwa na uhakika nitabaki. Nimeona nikuambie leo ili ukinipanga, unipange ukijua." Hapo umempa kitu ambacho mechi iliyopita hakuwa nacho. Nahodha ana haki ya kujua ana mpigaji wa namna gani, aamue akuweke namba nne au namba saba au nje. Kosa lako, kama lipo, ni kwamba jambo hili mlikuwa hamjalizungumza kabla halijatokea.

La mtoto usimtaje kwa jina wala usirudie aliyokuambia kwenye daladala. Alikuambia wewe. Mwambie tu nahodha kwamba si haki vijana wa sekondari kuwekwa upande wa mrushaji dakika za mwisho. Na mpendekezee kitu anachoweza kukifanya wiki hii hii: azungumze na nahodha wa wapinzani, kila timu itoe kiasi, mlete mwamuzi mmoja asiye wa kwenu wala wa kwao. Siku ya mechi mara nyingi kuna timu nyingine imecheza asubuhi, na hapakosi mtu mzima wa kubaki saa mbili tatu kwa soda na nauli. Akipatikana, mimi mwenyewe sina neno tena na wenzako watakaoamua kubaki na kumsubiri. Wewe utaendelea na yako, wao na yao, na hakuna haja ya kutazamana vibaya. Hapo ndipo ile kauli ya "mwamuzi yupo" itakuwa ya kweli.

Kisha zungumza na yule mdogo wako peke yake. Usimfokee, wala usimpongeze kwa kukuambia. Mwambie tu: "Nikipiga mimi na ukasikia, inua kidole, sitakuuliza." Atakuelewa.

Na neno moja kwako, kwa sababu barua yako ina sehemu inayonitia wasiwasi. Usianze kujihesabu wewe ndiye mwenye utu na wenzako ndio wezi. Umegusa, umetoka, yamekwisha. Usilete hadithi za Gilchrist kwenye grupu, usimkumbushe mtu, na siku ukipewa auti ya uongo, utapewa tu, ondoka kwa mwendo ule ule, bila kutikisa kichwa wala kuonyesha pedi. Wachezaji wanaojitoa huchukiwa mara nyingi kwa sababu ya maneno yao ya baadaye kuliko kwa wiketi waliyoitoa.

Inawezekana kabisa kaka yako asikupange. Ana timu ya kupandisha daraja na ana haki hiyo. Ikitokea, usinune, usikae nyumbani. Nenda uwanjani mapema, beba maji, na timu yenu ikianza kupiga jitolee wewe kusimama mwamuzi upande wa mrushaji, umpumzishe yule mtoto. Mwambie nahodha mpango huo mapema, siku hiyo hiyo mtakapozungumza. Nadhani akilala akiuwaza, asubuhi atakuta afadhali akupange.